Mahabusu wa Bwawa la Afande

Afande alihesabu samaki wake saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kila siku ya Mungu, na walikuwa watano. Si mia tano. Watano. Ungeweza kuwahesabu ukipita na baiskeli. Lakini yeye alisimama kando ya bwawa, visigino pamoja, mikono nyuma, akaanza: "Moja. Mbili. Wewe, toka chini ya majani, nakuona. Tatu." Akimaliza alisema "Kamili" kwa sauti iliyowaamsha kuku wetu, halafu akaenda kumwambia mkewe, aliyekuwa hatua sita kutoka pale na masikio yake yote mawili, kwamba ni kamili.

Alizaliwa wapi, ukoo gani, babu yake alimpiga nani: muulizeni mwenyewe kama mna ubavu. Mimi nilimkuta tayari mzee, askari jela mstaafu, jirani yetu upande wa michongoma, kule Nyamwamba, ambako jua la Kasese hupasha mabati mpaka yanalia. Juu ya kazi yake ya zamani nilijua kwamba alishika funguo nyingi na hakupenda kuzizungumzia. Nyumba yake haikuwa na kufuli. Mlango ulifungwa kwa kamba ya katani. Baba alipomwonya kuhusu wezi, alijibu, "Mimi nimefunga mlango ya kutosha."

Mtaani kwetu mtu mzima huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Baba yangu ni Baba Masika, ingawa ana watoto sita na mimi, Kabugho, ndiye mwenye akili kuliko wote. Majina yenyewe hatuyatafuti. Sisi Wakonzo tunayapanga foleni: msichana wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Hujatungwa tumboni, jina liko kwenye foleni linakungoja. Kwa Afande foleni hiyo haikuwahi kusogea. Hawakuzaa. Ndiyo maana alibaki na cheo badala ya mtoto. Mkewe tulimwita Mukaka, yaani bibi kwa Kikonzo, na hakuna aliyeona haya kumwita bibi mwanamke asiye na mjukuu. Hata mimi sikuona.

Samaki walikuwa wa Mukaka. Aliwanunua soko la Mpondwe, kule Bwera mpakani, kwa mama mmoja wa Butembo aliyewauza ndani ya dumu lililokatwa shingo: wadogo, rangi ya dhahabu inayoelekea wekundu, kama maganda ya machungwa yenye macho. Mtaa mzima ulikuja kutazama na mtaa mzima uliuliza swali moja, wanakaangwa lini. Kwetu samaki ni ngege wa Ziwa George, analetwa na pikipiki akiwa amekwisha kufa, mambo yamekwisha. Samaki wa kutazama tu hatukuwahi kumsikia. Mama yangu alisema ni sawa na kufuga kuku ili umsikilize.

Afande hakuuliza kitu. Alichimba shimo lenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili, akalipiga saruji, akaleta gugu maji kutoka ziwani kwa baiskeli na kulitandaza juu ya maji lifanye kivuli. Kisha akachukua shati lake la kazi akalivisha fito mbili zilizofungwa msalaba, ili korongo waogope. Korongo hawakuogopa. Sisi tuliokuwa tukienda shule ndio tulilipigia saluti kila asubuhi, mpaka siku moja akatokea nyuma yetu.

"Hiyo iko kuruta tu," akasema, mpole kabisa. "Mimi ndiyo unapigia."

Tukampigia. Akaitikia, na hakutabasamu, na mpaka leo sijui kama ule ulikuwa utani.

Alikuwa na misemo. "Mtu anayelia mchana, usiku analala. Angalia anayecheka." Hapo alinitazama mimi. Mwingine: "Jela haina dirisha ya kuangalia nje. Iko na dirisha ya kuangaliwa." Watoto hakuwasalimia, lakini ukikohoa siku mbili, siku ya tatu tangawizi ilipita juu ya michongoma ikiwa imefungwa kwenye gazeti, bila neno. Alipika. Mwanamume wa Kasese, mzee, jikoni, anasonga bundu, ugali wetu wa muhogo, kwa mwiko huku wake za watu wanachungulia. Nywele za mkewe alizisuka yeye mwenyewe, matuta matatu yaliyopinda kama barabara ya kupanda Bwesumbu, na Mukaka alikwenda nayo kanisani hivyohivyo.

Mukaka alikuwa na ugonjwa wa sukari, na sukari ilikuwa imeanza kumla macho. Kwenye kituo cha afya walimwambia waziwazi kwamba macho hayatarudi, yatazidi kwenda. Akarudi nyumbani, akaweka kigoda chake kando ya bwawa, akasema mbele yetu sote:

"Hawa wakizaa, wa kwanza ni Masika. Na nyinyi mtaniita Mama Masika siku moja, hata kwa mzaha. Lakini nimwone. Sitaki kusimuliwa."

Alicheka, na sisi tukacheka. Afande aliyatazama yale maji kama mtu aliyepewa amri na mkubwa wake.

Na alivyoitekeleza ndiyo habari yenyewe, kwa maana aliyewazuia wasizae ni yeye.

Kila mvua zilipoanza, wawili kati ya wale watano walitokwa na vipele vyeupe mashavuni na kwenye mapezi ya mbele, vidogo kama chembe za chumvi. Halafu, jua linapochomoza, hao wawili waliwakimbiza wale watatu wanene kuzunguka bwawa zima, wakiwasukuma ubavuni na tumboni kwa vichwa, maji yanaruka hadi kwenye kigoda. Mtu mwingine angesema wanacheza. Lakini Afande alikuwa amekula maisha yake na wanaume waliofungiwa pamoja, na alichokiona hapo alikijua: wawili wenye ukurutu wanawapiga wenzao mpaka wanavimba.

"Hii mbili iko na ugonjwa, na iko na fujo," alisema. "Nje."

Akawavua kwa kipande cha chandarua, akawatia kwenye beseni nyuma ya jiko, peke yao, na chumvi ya Katwe kwa ncha ya kijiko. Kwetu chumvi ya Katwe inatibu kila kitu, ng'ombe, koo, hata wivu. Baada ya wiki nne au tano mvua zilikatika, vipele vikaisha, akawaachilia. Kwa kuwa vipele viliisha, dawa ilifanya kazi. Kwa kuwa walirudi wametulia, adhabu ilifanya kazi. Alifanya hivyo mvua za Machi na mvua za Septemba, mwaka baada ya mwaka. Kila siku aliwapelekea unga aliouchekecha kwa leso yake, akichutama kando ya beseni, akiwauliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini unapiga mwanamke? Hapana zaa namna hiyo."

Hapo mimi ndipo nilipopata riziki yangu.

Shuleni nilikuwa Afande. Mwalimu akitoka darasani, nilipanda juu ya benchi, visigino pamoja, nikawahesabu wenzangu: "Moja. Mbili. Wewe mwenye chunusi, iko na ukurutu, iko na fujo, nje." Wavulana wenye chunusi niliwapeleka kwenye kona, kifungo cha peke yake, nikawanyunyizia vumbi la chaki badala ya chumvi. "Kwa nini unapiga mwanamke?" Darasa lilianguka kwa kicheko. Watoto wa darasa la juu walisimama madirishani. Mwalimu wa zamu alitukamata siku moja, akasema rudia, akacheka mpaka akavua miwani. Sijawahi kuwa mtu muhimu namna ile.

Basi mwezi wa tatu wa mwaka ule nilikwenda Mpondwe na mama siku ya soko, yeye kuuza maharagwe, mimi kubeba. Nikamkuta yule mama wa Butembo na dumu lake. Alinikumbuka kwamba natoka Kasese.

"Na ule mumama wa sukari," akaniuliza, "bale samaki banazala?"

Nikampa onyesho zima, bila kupunguza. Beseni, chumvi, kuhesabu, kwa nini unapiga mwanamke. Wauza sombe, yale majani ya muhogo, wa jirani walishika mbavu. Yeye alicheka mwanzoni, halafu akaacha.

"Ngoja, mutoto. Anabafunga bale benye tupele?"

"Kila mvua."

"Ile si ugonjwa. Ile ni badume. Wakati badume banaiva, banatokaka tupele ku mashavu. Na ile kufukuza, si kupigana. Anamusukuma bibi ku tumbo juu aachie mayai." Akainua jani la gugu maji kutoka kwenye dumu, akanionyesha mizizi yake inayoning'inia kama ndevu. "Mayai inakamata hapa. Utoe hii majani mbiyo, uweke mu beseni ingine, juu bazazi benyewe banakulaka mayai yabo. Siku ine, siku tano, utaona." Akanishika mkono. "Mwambie ule mzee. Anafunga mabwana-arusi. Unasikia? Umwambie leo."

Nilisikia.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na habari hiyo mdomoni kama pipi. Tulipofika ilikuwa jioni. Mvua ilikuwa imenyesha, na Afande alikuwa amechutama kando ya beseni, amevaa koti la mvua, akiwahubiria wafungwa wake wawili. Nikafungua mdomo. Na yeye, sijui alikuwa amefikiria nini siku nzima, akawainulia kidole samaki akasema, "Leo nauliza mara ya mwisho. Nani alianza?"

Nilirudi ndani nikajifunika blanketi nisicheke. Kesho yake darasani "Nani alianza" ilikuwa bora kuliko zote. Nikasema nitamwambia Jumamosi. Jumamosi nikasema Pasaka. Mjue kwamba sikusahau hata siku moja. Nilijua kwamba nikimwambia, atawatoa, na onyesho limekwisha, na mimi nitarudi kuwa Kabugho tu.

Wakati huo Mukaka alikuwa bado anaona. Nasema hili makusudi. Alinitambua nikiwa barabarani kwa mwendo wangu. Alisema yule samaki wa tatu ana doa jeupe mkiani, na kweli alikuwa nalo.

Mwezi wa sita alimwaga chai pembeni ya kikombe. Mwezi wa saba aliniita Biira, dada yangu, mpaka nilipozungumza. Mwezi wa nane, tulipofunga shule, nilikuwa nikichuma mboga kwenye michongoma nikawasikia.

"Leo wako wangapi?" Mukaka akauliza.

"Kamili," Afande akasema. "Na naona iko mdogo mmoja. Chini ya majani."

"Mdogo?"

"Ndogo sana. Kama kidole."

Mukaka akapiga magoti. Akaweka mikono miwili kwenye saruji na kushusha uso mpaka pua ikagusa maji. Alikaa hivyo muda mrefu, matuta yake matatu yakilowa, akigeuza kichwa huku na huku kama kuku anayetafuta upande wa jicho zima. Afande alisimama nyuma yake. Mikono yake haikuwa nyuma, ilikuwa imening'inia tu.

"Nionyeshe," Mukaka akasema.

"Imeingia ndani."

Siku hiyo nilimwambia Afande. Nilimvuta hadi kwenye kona ya jiko, nikamweleza yote, vipele, mizizi, mayai. Nilisema nimesoma asubuhi hiyo kwenye simu ya mjomba. Afande, aliyekuwa hamwamini hata padri akitangaza saa ya misa, aliniamini palepale. Hakuniuliza swali. Alikuwa na mashaka yake ya zamani, nadhani, nayo yalikuwa yakingoja mtu wa kuyafungulia. Alivua kofia.

"Miaka yote hii," akasema, "mimi nafunga watu haina kosa."

Halafu mvua za Septemba zikaja, vipele vikatoka, na hakumgusa mtu. Asubuhi wakaanza kukimbizana, maji yanaruka kama mtu anafua, na Afande akageuka akawapa mgongo, kwa heshima, akabaki akitazama mlima mpaka wakamaliza. Mayai yalikuwa kwenye mizizi kweli, chembe ndogo za kung'aa kama ulezi uliopikwa. Tuliyahamisha na majani yake kwenye beseni lilelile la jela. Siku ya tano kulikuwa na nyuzi nyeusi zenye macho mawili, zimeshikilia ukuta wa beseni. Nyingi. Sikuweza kuzihesabu, na Afande hakujaribu.

Alikwenda kumleta Mukaka kwa mkono. Macho yalikuwa yamekwisha kwenda. Alibaki na mwanga na giza, basi. Akamkalisha, akashika vidole vyake akavitia ndani ya beseni polepole.

"Iko hapa," akasema. "Mama Masika. Iko hapa, iko mingi."

Mukaka alivichezesha vidole. Lakini kile kitu ni chepesi kuliko unywele, kinakimbia hata kivuli. Utakihisi vipi?

"Ni maji," akasema.

"Iko. Naona na macho yangu."

"Uliona na macho yako mwezi uliopita pia." Hakuwa na hasira. Alimpapasa mkono kama mtu anayembembeleza mtoto. "Nilijua unanihurumia. Nilikusamehe. Lakini usirudie, mzee wangu."

Afande akanigeukia. Sijawahi kuona mtu mkubwa akinitazama vile, kama mimi ndiye mwenye funguo.

"Mukaka, ni kweli," nikasema. "Wamejaa. Naapa."

"Na wewe Kabugho," akasema akitabasamu upande nisipokuwepo, "wewe uliniambia mpapai wangu umezaa nanasi."

Ni kweli, nilimwambia. Nilikuwa na miaka kumi.

Wakikua utakuwa unawagusa, Afande alimwambia, ngoja. Lakini hao wanangoja miezi kabla hawajageuka hata rangi. Mwanzoni wote ni weusi kama tope. Wa kwanza alipoanza kuwaka rangi tumboni, mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Mukaka alikuwa amelazwa hospitali. Hakurudi. Kwenye mazishi mtu mmoja alisema marehemu hakubahatika kuacha mtoto, na Afande alikaa na kofia juu ya magoti akaiacha sentensi hiyo ipite.

Baada ya hapo samaki walizaa kama waliokuwa wakilipiza. Kila mvua. Hakuwazuia tena, wala hakuruhusu mtu awapunguze. Yule mama wa Butembo alituma neno kwamba bwawa la kiasi kile ni la samaki kumi, wengine wagawe, vinginevyo watakosa hewa. Afande alisema hakuna mtu anatoka hapa. Wakakosa hewa. Asubuhi ungewaona wote juu, midomo wazi, wakimeza upepo, na yeye katikati ya maiti za dhahabu na kijiko cha supu, anaokota. Kuhesabu aliacha kabisa. Nilihamia shule ya bweni Bwera, na sitadanganya, nilifurahi kuwa mbali na michongoma ile. Huko bweni waliniomba onyesho, walikuwa wamelisikia. Nilisema nimelisahau.

Nilimwona mara ya mwisho likizo ya pili baada ya hapo. Mama alinituma na mboga. Nilimkuta na mgeni, katekista mmoja kutoka Maliba aliyekuwa amechimba bwawa lake. Afande hatimaye alikuwa ameanza kuwagawa. Amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, lakini maji yalikuwa masafi na samaki waliogelea wakiwa na nafasi.

"Angalia huyu," akamwambia katekista, akinishika bega. Hakuwahi kunishika bega. "Hii ndiyo mtoto. Huyu alijua saa nne, saa tano akakuja mbio kuniambia. Watu wote walikuwa wanacheka mimi. Huyu peke yake alikuja."

Katekista akanibariki, akaondoka na dumu lake. Afande akaingia ndani akatoka na chupa kubwa ya kioo, ile ya Mukaka ya kuwekea maharagwe, yenye samaki wawili ndani, dume na jike, wazuri kuliko wote. Alikuwa amewachagua kabla sijafika. Akaanza kufunga kitambaa mdomoni mwa chupa.

"Ya kwako," akasema.

"Afande, sikukuja mbio."

Akaendelea kufunga.

"Nilijua tangu mwezi wa tatu. Yule mama wa Mpondwe ndiye aliniambia. Aliniambia nikwambie siku hiyohiyo."

"Mwezi wa tatu ya mwaka ile?"

"Ndiyo."

"Kwa nini ulinyamaza?"

Mimi huwa nina jibu. Waulizeni walimu wangu.

"Ilikuwa inachekesha," nikasema.

Alikaza fundo. Akalijaribu kwa kidole, akalifungua, akalifunga upya. Kwetu ng'ambo ya michongoma mama alikuwa akiniita na sikuitika.

"Mwezi wa tatu alikuwa anachambua mchele," Afande akasema. "Mawe yote alikuwa anaona. Hata ile ndogo."

Akainua chupa akaniletea kifuani.

"Shika chini," akasema. "Iko nzito."

Akangoja mpaka nikaishika vizuri, ndipo akaachia.